Hundi ya Mjomba: Bunduki Ikipata Mwenyewe Mpya Marekani

Kwenye hundi za benki za Marekani kuna mstari mdogo, chini upande wa kushoto, ambapo mtu huandika pesa ni za nini: kodi ya nyumba, ada ya mtoto, ujira wa fundi bomba. Novemba 2009 mkazi mmoja wa jimbo la Pennsylvania alimwandikia mpwa wake hundi ya dola 400, na kwenye mstari huo akataja waziwazi kwamba pesa hizo ni za bastola aina ya Glock 19. Hakuwa na la kuficha. Maneno hayo machache yakaja kujadiliwa zaidi ya miaka minne baadaye mbele ya majaji 9 wa Mahakama ya Juu mjini Washington.

Mpwa mwenyewe, Bruce Abramski, alikuwa mkazi wa Virginia na aliwahi kuwa polisi katika mji wa Roanoke. Mjomba alitaka bastola. Mpwa akaona kwamba akienda na kitambulisho chake cha zamani kwenye duka linalouzia askari, atapunguziwa bei. Kazi yenyewe alikuwa ameshaachishwa miaka 2 nyuma. Siku mbili baada ya hundi kutumwa, Abramski alikwenda dukani, akapewa fomu ya serikali namba 4473, akafika kwenye swali linalouliza kama yeye ndiye mnunuzi halisi wa silaha hiyo. Akatia alama kwenye "ndiyo". Fomu yenyewe ilikuwa imeshaonya kwa herufi nzito kwamba anayemnunulia mtu mwingine si mnunuzi halisi, na kwamba duka haliruhusiwi kumkabidhi silaha. Rekodi zake zikapekuliwa, zikaonekana hazina kasoro, akaondoka na bastola.

Kilichofuata ndicho kinachoifanya kesi hii iwe ya kusomwa mara mbili. Abramski hakumpa mjomba wake bastola kienyeji. Makabidhiano yalifanyika Pennsylvania kupitia duka lenye leseni, mjomba naye akapekuliwa, naye akaonekana hana doa. Kisha mjomba akamwandikia mpwa stakabadhi, kama mtu muungwana anavyofanya. Baadaye, maofisa wa serikali kuu waliokuwa wakipekua nyumba ya Abramski kwa tuhuma nyingine kabisa waliikuta stakabadhi hiyo. Watu wawili, wote wanaruhusiwa na sheria kumiliki silaha, wote wamepekuliwa, bastola imepita mikononi mwa maduka mawili yenye leseni. Hata hivyo Abramski alitiwa hatiani kwa kusema uongo kwenye fomu, akapewa kifungo cha nje cha miaka 5, na tarehe 16 Juni 2014 Mahakama ya Juu ikaikubali hukumu hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4.

Jaji Elena Kagan, aliyeandika uamuzi wa walio wengi, alisema sheria inataka duka limwone na kumpekua yule hasa atakayekuwa na silaha; kama mtu yeyote mwenye rekodi safi anaweza kusimama kaunta na kujaza fomu kwa niaba ya aliyebaki nje, upekuzi mzima hauna maana. Jaji Antonin Scalia alipinga. Kwake yeye, kama wote wawili wanaruhusiwa, sheria iliyoandikwa na Bunge haioni kosa hapo. Hoja ya Scalia ina uzito, na mtu akimtazama Abramski peke yake anaweza kumwonea huruma. Lakini fomu haijui nani mjomba mwema na nani jambazi aliyemtuma binamu yake. Inajua jina lililoandikwa tu, na jina lile halikuwa la mwenye bastola.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, utaratibu huu una jambo moja la kushangaza. Kwetu kibali hutangulia silaha: Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina bodi yake ya leseni za silaha, na mtu hawezi kuamka asubuhi akamuuzia jirani bunduki kama anavyouza baiskeli. Marekani mambo yamepangwa kinyume. Serikali kuu haitoi kibali cha kumiliki bunduki ya kawaida, haina daftari la taifa la wenye bunduki, na sheria ya mwaka 1986 inaikataza kuwa nalo. Mzigo umewekwa begani mwa duka. Duka ndilo lenye leseni, ndilo linalojaza fomu, ndilo linalopiga simu FBI.

Mzigo huo una historia yenye damu. Machi 1963 Lee Harvey Oswald aliagiza bunduki aina ya Carcano kwa posta kutoka duka la Klein's la Chicago, kwa dola 19.95 na juu yake nauli ya posta, akitumia jina la uongo na sanduku la barua mjini Dallas. Novemba mwaka huohuo Rais John Kennedy aliuawa kwa bunduki hiyo. Ikachukua miaka 5 mingine na vifo vya Martin Luther King na Robert Kennedy, wote mwaka 1968, ndipo Bunge likapitisha sheria iliyokomesha biashara hiyo ya posta na kuwapiga marufuku watu wa makundi fulani kumiliki silaha. Lakini duka lilimwamini mteja kwa kauli yake. Mfumo wa kupekua kweli ulikuja na Sheria ya Brady, iliyopewa jina la James Brady, msemaji wa Rais Ronald Reagan, aliyepigwa risasi ya kichwa Machi 1981 pamoja na rais wake. Sheria hiyo ilitiwa saini tarehe 30 Novemba 1993, na mtambo wa FBI wa kupekua papo kwa papo ukaanza kazi siku kama hiyo mwaka 1998.

Na mtu asiye na duka je? Hapo ndipo penye upenyo. Mwananchi anayeuza bunduki yake moja moja, si kwa biashara, hahitaji leseni, na kwa sheria ya serikali kuu halazimiki kumpekua mnunuzi. Majirani wawili wa Texas wanaweza kukutana kwenye maegesho ya supamaketi, mmoja akatoa pesa, mwingine akafungua buti la gari, na kila mmoja akaenda zake bila kuvunja sheria yoyote. Masharti waliyowekewa ni machache. Muuzaji asimuuzie mtu anayejua, au ana sababu ya kuamini, kwamba amekatazwa: aliyetiwa hatiani kwa kosa linaloweza kumpeleka jela zaidi ya mwaka mmoja, anayetafutwa na polisi, anayetumia dawa za kulevya, aliyelazwa hospitali ya akili kwa amri, aliyepiga mke au mpenzi na kuhukumiwa, na wengine kadhaa. Asimuuzie bastola aliye chini ya miaka 18. Na asimuuzie mkazi wa jimbo jingine.

Hilo la mwisho huwanasa watu wema wengi, kwa sababu mpaka wa jimbo Marekani ni kibao tu barabarani. Baba anayeishi Ohio akitaka kumpa mwanawe wa Kentucky bunduki ya kuwindia, hawezi kumkabidhi mkononi siku ya sikukuu. Lazima ipitie duka lenye leseni, na ikiwa ni bastola, duka hilo liwe katika jimbo la mwana. Ila baba akifa na bunduki ikamfikia mwana kwa wosia au kwa urithi wa kawaida, sheria ya serikali kuu inamruhusu kuichukua na kuvuka nayo mpaka, maadamu mwana mwenyewe si miongoni mwa waliokatazwa. Uhai na kifo vina masharti tofauti.

Zawadi nayo ina utaratibu wake, na hapa kosa la Abramski linaonekana vizuri zaidi. Mtu akinunua bunduki kwa pesa zake mwenyewe ili amzawadie ndugu yake, yeye ndiye mnunuzi halisi, na fomu inamruhusu kusema hivyo. Bastola ileile, mpwa yuleyule na mjomba yuleyule, dola 400 zingetoka mfukoni mwa Abramski bila kurudishwa, pasingekuwa na kesi. Kilichogeuza zawadi kuwa uongo ni hundi. Tangu Juni 2022, baada ya Rais Joe Biden kutia saini sheria mpya ya silaha, kumnunulia kwa makusudi mtu aliyekatazwa ni kosa linalojitegemea, na linaweza kumgharimu mtu miaka 15 jela.

Anayetaka kukwepa mitego yote hii ana njia moja rahisi, na inashangaza ni watu wangapi hawaitumii: muuzaji na mnunuzi waende pamoja kwenye duka lenye leseni, waombe lisimamie makabidhiano. Duka hutoza ada yake, na shughuli, mambo yakienda sawa, huisha kabla chai haijapoa.

Huanza na usalama. Aliyesimama nyuma ya kaunta huipokea bastola mdomo ukielekea pasipo na mtu, huchomoa magazini, huvuta sehemu ya juu hadi nyuma na kuifunga hapo, kisha hutazama ndani ya chemba kwa jicho na kuthibitisha kwa kidole. Halafu hutafuta namba. Kwenye Glock imechongwa mahali patatu: kwenye mtutu, kwenye chuma cha juu kinachotelezeshwa, na kwenye kibati kidogo kilichopachikwa chini ya fremu ya plastiki, karibu na mdomo. Namba hiyo huandikwa kwenye fomu, herufi kwa herufi, pamoja na jina la kiwanda, modeli na ukubwa wa risasi. Mnunuzi hujaza upande wake: jina kamili, anwani anayoishi, uraia, na msururu wa maswali ya ndiyo na hapana. Hutoa kitambulisho chenye picha. Duka huwasiliana na FBI, au na ofisi ya jimbo kama jimbo lina mtambo wake, na jibu huwa mojawapo kati ya matatu: endelea, subiri, hapana.

"Subiri" ina utata wake. Kwa sheria ya serikali kuu, siku 3 za kazi zikipita bila jibu la mwisho, duka linaruhusiwa kukabidhi silaha, ingawa halilazimiki. Kijana aliyewaua waumini 9 kanisani Charleston, South Carolina, Juni 2015, alipata bastola yake kwa upenyo huo. Kumbukumbu ya kesi yake ya dawa za kulevya ilichelewa kumfikia mpekuzi. Tangu 2022 kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21 muda huo unaweza kufika siku 10 za kazi, ili kumbukumbu za utotoni nazo zitazamwe.

Na jibu likiwa "hapana"? Kama muuzaji bado yupo dukani, huchukua bunduki yake na kwenda nyumbani. Lakini kama alikuwa ameshaiacha na kuondoka, duka linakuwa limeiingiza kwenye daftari lake la silaha zilizopokelewa na zilizotoka, na hapo hata yeye, mwenye mali, akirudi kuichukua lazima ajaze fomu 4473 na apekuliwe. Wapo waliokuja kuuza, wakajikuta wenyewe hawaruhusiwi kurudishiwa.

Majimbo kadhaa yameufanya utaratibu huu wa hiari kuwa lazima. California ilianza mwaka 1991. Huko mwananchi hauziani na mwenzake bila duka, na duka haliwezi kujitungia bei: serikali ya jimbo huchukua dola 37.19 na duka lisizidishe dola 10 kwa kila silaha. Kisha bunduki hubaki dukani siku 10, zinazohesabiwa kwa saa, yaani saa 240 kamili tangu fomu ilipotumwa. Colorado ilifuata mwaka 2013. Jimbo la Washington liliwauliza wananchi wenyewe kwa kura ya maoni Novemba 2014, na karibu watu 6 katika kila 10 wakakubali. New Mexico, Virginia na Minnesota nazo zimefuata kwa sheria zao. Texas, Georgia na mengine mengi yamebaki na sheria ya serikali kuu peke yake. Jaribio la kupanua upekuzi wa mauzo ya watu binafsi nchi nzima lilikwama katika Seneti Aprili 2013, miezi michache baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa katika Shule ya Sandy Hook: kura 54 ziliunga mkono, na zilihitajika 60.

Nevada ndiko kulikotokea kisa kinachoonyesha kwamba sheria ikipita bado haijafika. Novemba 2016 wananchi walipitisha sheria ya aina hiyo kwa tofauti ndogo sana ya kura. Andiko lake lilisema upekuzi wa mauzo ya watu binafsi ufanywe na FBI moja kwa moja, si na ofisi ya jimbo. FBI ikajibu kwamba jimbo haliwezi kuiamuru. Sheria ikakaa kwenye vitabu bila kutekelezwa, hadi bunge la jimbo lilipoandika nyingine mwaka 2019 na kuanza kuitumia Januari 2020. Kati ya tarehe hizo mbili, Oktoba 2017, jiji la Las Vegas lilipatwa na mauaji makubwa kuliko yote ya mtu mmoja mwenye bunduki katika historia ya sasa ya Marekani. Ni haki kusema kwamba muuaji yule alinunua madukani na akapekuliwa kama inavyotakiwa. Sheria ya Nevada isingemzuia. Upekuzi humkamata mwenye rekodi tu.

Lakini kuna waliokuwa na rekodi. Mwaka 2014 mwanamume mmoja wa Texas alijaribu kununua bunduki dukani, akakataliwa kwa sababu za afya ya akili. Mfumo ulifanya kazi yake. Miaka 2 baadaye alinunua bunduki ya aina ya AR-15 kwa mtu binafsi, bila fomu na bila swali. Tarehe 31 Agosti 2019 aliitumia barabarani kati ya miji ya Midland na Odessa, akaua watu 7 na kuwajeruhi wengine zaidi ya 20. Aliyemuuzia alishtakiwa, na akakiri kwamba hakuwa mtu wa kuuza moja moja bali mfanyabiashara asiye na leseni. Akafungwa miaka 2. Watu wanaotetea mauzo ya maegeshoni husema mhalifu hatafuti sheria bali silaha. Mtu huyu alianzia dukani. Aliambiwa hapana, akaenda palipokuwa wazi.

Wasomaji wenye ndugu Minnesota, Texas au Massachusetts wana la ziada la kuwaambia. Mwenye kadi ya kijani anaweza kununua na kumiliki bunduki kwa sheria ya serikali kuu kama raia. Mwanafunzi au mgeni aliye huko kwa viza ya muda, kwa kawaida, hawezi, isipokuwa awe na mojawapo ya ruhusa chache zilizotajwa, kama leseni halali ya kuwinda ya jimbo. Na katazo si la kununua tu, ni la kuwa nayo mkononi. Rafiki akimkaribisha uwanja wa kulengea shabaha, akamwazima bastola apige picha na kufyatua risasi mbili za kujifurahisha, mwanafunzi huyo amegusa kosa la serikali kuu linaloweza kumaliza masomo na viza yake kwa pamoja.

Majimbo yasiyolazimisha duka yana wauzaji waangalifu pia, na desturi yao inastahili kuigwa. Hawauzi mpaka waone leseni ya udereva ya jimbo hilohilo. Wengi hudai kibali cha kubeba bastola, maana aliye nacho ameshapekuliwa. Huandika mkataba wa nakala mbili wenye majina, anwani, tarehe, aina ya silaha na namba yake, kisha wote wawili hutia saini. Mashaka yakiwaingia, hukataa, na hakuna sheria inayowalazimisha kueleza sababu.

Thamani ya karatasi hiyo huonekana miaka mingi baadaye, na mahali pa kuitazama ni Martinsburg, mji mdogo wa West Virginia. Hapo ndipo kilipo kituo cha taifa cha kufuatilia silaha, chini ya ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha na milipuko. Polisi popote nchini wakiokota bunduki penye maiti, hutuma namba yake. Kwa kuwa hakuna daftari la taifa, mfanyakazi wa kituo hupiga simu kiwandani: mliiuza kwa nani? Kiwanda hutaja msambazaji, msambazaji hutaja duka, duka hufungua daftari na kutoa fomu 4473. Duka likiwa lilishafungwa, fomu zake zimo Martinsburg, katika maboksi yaliyojaa hata yakamwagikia kwenye makontena ya meli nje ya jengo, na zilizopigwa picha huwezi kuzitafuta kwa jina la mtu kwa sababu sheria haitaki. Mtu huzipitia kwa macho, ukurasa baada ya ukurasa.

Mwishoni hupatikana jina moja, la mnunuzi wa kwanza. Askari humtembelea nyumbani na kumwonyesha namba. Yeye huikumbuka bunduki ile, aliiuza zamani. Kama aliiuza kwa kijana mwenye kofia nyekundu kwenye maegesho, uchunguzi umeishia mlangoni pake. Kama alikwenda dukani, au aliandika mkataba, huingia ndani, huvuta droo, na kurudi na karatasi yenye jina la aliyemfuatia.